Aiskrimu au kitindamlo kilichogandishwa? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Sisi tunatengeneza aiskrimu hapa Ngara, Nairobi, kwa maziwa na malai (krimu). Kila Jumamosi kaunta ikijaa, maswali ni yale yale, na foleni ikiwa ndefu hatupati nafasi ya kuyajibu ipasavyo. Kwa hivyo tumeyaandika hapa. Msimamo wetu tunausema mapema: kitindamlo kilichogandishwa si sumu, na mzazi anayemnunulia mtoto cha bei nafuu hajakosea chochote. Tunachopinga ni mtu kulipia malai kisha akapewa mawese na hewa bila kuambiwa.

Tofauti hasa ni nini? Si vyote ni maziwa yaliyogandishwa?

Tofauti kubwa iko kwenye mafuta. Aiskrimu hupata mafuta yake kutoka kwa maziwa, yaani malai au siagi. Kitindamlo cha maziwa kilichogandishwa kina maziwa ndani, mara nyingi ya unga, lakini mafuta ya maziwa ni machache mno kuweza kuitwa aiskrimu, au yametolewa na kuwekwa mafuta ya mimea kama ya mawese au nazi. Tofauti ya pili ni hewa: vitindamlo vingi hupigwa hewa nyingi zaidi.

Vitu vingine vinafanana. Sukari ipo pande zote mbili, kwa kawaida kama asilimia 14 hadi 16 ya mchanganyiko wa aiskrimu, na kazi yake si utamu tu. Sukari huzuia sehemu ya maji isigande, ndiyo maana unaweza kuchota aiskrimu kwa kijiko ilhali maziwa matupu yakigandishwa huwa jiwe.

Nitaitambuaje kwenye rafu ya supamaketi kabla sijalipa?

Geuza kopo. Picha ya mbele yenye ng'ombe na majani mabichi haikuambii kitu. Soma jina lenyewe, ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo karibu na uzito. Bidhaa nyingi hapa zina lebo za Kiingereza, basi angalia kama imeandikwa "ice cream", "dairy ice cream" au "frozen dessert". Maneno hayo hayamaanishi kitu kimoja.

Kisha soma viambato. Hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Ukiona malai au maziwa mabichi mwanzoni, uko kwenye aiskrimu. Ukiona maji kwanza, halafu sukari, halafu mafuta ya mimea, halafu unga wa maziwa, hicho ni kitindamlo hata kama kopo lina dhahabu juu yake. Neno la kutafuta ni "vegetable fat" au "palm oil". Kama yamo, mafuta hayo hayakutoka kwa ng'ombe.

Baada ya hapo angalia uzito. Hapa ndipo wengi wanapopitwa, na ndiyo maana jibu linalofuata ni refu.

Mbona makopo mawili ya lita moja hayalingani uzito mkononi?

Kwa sababu ya hewa. Mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado maji, lita moja huwa na uzito wa karibu kilo 1.1. Unapoingia kwenye mashine, pipa lenye baridi kali huugandisha huku vile vikizunguka na kuingiza viputo vidogo vya hewa. Lita moja ikitoka imekuwa lita moja na nusu, kila lita itakuwa na uzito wa gramu 730 hivi. Ikitoka lita mbili, kila lita itakuwa na gramu 550. Chakula ni kile kile, kilichoongezeka ni nafasi.

Hewa yenyewe si ulaghai, na tunapenda kulisema hili wazi kwa sababu kuna wateja hufikiri mtengenezaji mwaminifu haweki hewa. Bila hewa ungepata bonge gumu, baridi kiasi cha kuuma meno, lisilo na ulaini wowote. Aiskrimu nzuri ni povu lililoganda: viputo vya hewa, chenga ndogo za barafu, chembe za mafuta ya maziwa zilizoshikana na kuzizunguka hewa hizo, na sharubati nzito ya sukari iliyobaki katikati bila kuganda. Chenga hizo zikiwa ndogo, ulimi hauzihisi. Zikikua, unasikia mchanga mdomoni.

Shida ni kiasi, pamoja na kuuza kwa lita. Kopo kubwa la bei nafuu lenye gramu 500 linaweza kuwa na chakula kidogo kuliko kopo dogo la gramu 600 lililo karibu nalo. Ukitaka kulinganisha kwa haki, gawanya bei kwa gramu. Simu yako ina kikokotoo, na hesabu hiyo haichukui nusu dakika. Kama lebo ina lita peke yake na haina gramu, linyanyue kopo kwa mkono na ulilinganishe na jirani yake wa ujazo ule ule.

Angalia pia jedwali la lishe. Likiandikwa kwa kila mililita 100, bidhaa iliyojaa hewa itaonekana kuwa na sukari na mafuta kidogo, kwa sababu mililita hizo nyingi ni hewa. Linganisha kwa kila gramu 100.

Kwa nini ya kwenu ni ghali kuliko ile ya ndoo?

Tufanye hesabu ya maziwa. Maziwa tunayonunua kutoka kwa wafugaji wa Kiambu huwa na mafuta ya asilimia 3.5 hadi 4, kutegemea ng'ombe na malisho. Ng'ombe wa Jersey hutoa mazito zaidi ya wa Friesian. Kilo moja ya mchanganyiko wenye asilimia 10 ya mafuta inahitaji gramu 100 za mafuta ya maziwa. Lita moja ya maziwa yenye asilimia 4 ina gramu kama 41. Kwa hivyo kila kilo imemeza mafuta ya karibu lita mbili na nusu za maziwa, kabla hujaongeza sukari, vanila, stima na mshahara wa anayeosha mashine usiku. Mafuta ya mawese yakichukua nafasi ya malai, gharama hiyo inaporomoka. Kiangazi kikikaza na maziwa kupanda bei, sisi tunaumia siku ile ile.

Sheria inasemaje?

Inategemea nchi, na hapa ndipo mkanganyiko mwingi huanzia, kwa sababu rafu za Nairobi zina bidhaa zilizotoka kila upande.

Marekani ina kanuni kali kuhusu jina. Ili kitu kiitwe aiskrimu lazima kiwe na angalau asilimia 10 ya mafuta ya maziwa, na galoni moja isipungue pauni 4.5, yaani kama gramu 540 kwa lita. Kipimo hicho cha uzito ndicho kinachozuia mtu kuuza hewa. Bidhaa ikishindwa kufika hapo, mtengenezaji hutafuta jina jingine, na ndipo "frozen dairy dessert" lilipopata umaarufu. Mfano unaojulikana ni Breyers, chapa iliyoanza Philadelphia mwaka 1866: miaka ya 2010 sehemu kubwa ya bidhaa zake ilibadilishwa jina kutoka aiskrimu hadi kitindamlo cha maziwa kilichogandishwa. Kopo halikubadilika sana, na wateja wengi waliendelea kununua bila kugundua.

Uingereza ni tofauti. Huko aiskrimu ya mafuta ya mimea imezoeleka kwa miongo mingi, na neno aiskrimu peke yake halikuhakikishii malai. Neno la kulinda mteja huko ni "dairy" likiwa mbele: likiandikwa, lazima kuwe na angalau asilimia 5 ya mafuta ya maziwa na kusiwe na mafuta ya mimea yaliyowekwa kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo kopo la Uingereza na la Marekani yanaweza kubeba jina moja na kuwa vitu viwili.

India nayo imetenganisha majina kisheria, aiskrimu ikiwa ya mafuta ya maziwa na kitindamlo kikiruhusiwa mafuta ya mimea. Mwaka 2017 kampuni ya maziwa ya Amul ilirusha tangazo la kuwaelekeza watu kwenye aiskrimu ya maziwa, Hindustan Unilever, waliokuwa wakiuza vitindamlo vya chapa ya Kwality Wall's, wakaenda Mahakama Kuu ya Bombay, na tangazo likazuiwa. Wenzetu wa mtaa wa Parklands hapa Nairobi bado wanatusimulia kesi hiyo kwa hamu.

Hapa kwetu, bidhaa za aina hii zinafuata kiwango cha Afrika Mashariki cha EAS 70, kinachosimamiwa nchini na KEBS (Shirika la Viwango la Kenya), na maziwa yenyewe yako chini ya Bodi ya Maziwa Kenya. Juu ya hayo kuna Katiba ya 2010, Ibara ya 46, inayompa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Kwetu sisi habari hizo zinaanza na jina la kitu unachokula.

Ile isiyoyeyuka hata nikiiacha juani, imewekwa plastiki?

Hapana. Video hizi huzunguka kwenye WhatsApp kila Januari joto likipanda, na tunaelewa kwa nini zinatisha. Kinachoizuia isitiririke ni hewa nyingi, ambayo hupitisha joto polepole, pamoja na gundi za chakula zinazoshika maji. Gundi hizo hutoka kwenye mbegu za guar, kwenye mbegu za mti wa karuba, au kwenye mwani. Ndiyo, mwani. Akina mama wa Kibuyuni kule Kwale wanaulima baharini na kuuza mkavu, na mwani wa namna hiyo ndiyo malighafi ya karajini, gundi inayoingia kwenye aiskrimu na maziwa ya chokoleti. Barafu iliyomo huyeyuka kama kawaida. Linalobaki limesimama ni povu lililoshikwa na gundi na mafuta.

Hata hivyo, bidhaa inayosimama wima kwa nusu saa kwenye jua la Nairobi inakueleza kitu kuhusu hewa na gundi ilizonazo. Hilo ni jambo la ubora, na kila mtu ana haki ya kuchagua.

Mafuta ya mimea si bora kwa moyo kuliko ya maziwa?

Si haya. Watu husikia neno mimea wakafikiria alizeti. Mafuta ya alizeti yangebaki maji kwenye baridi, hayafai kazi hii. Yanayotumika ni yale yanayoganda: mawese, ambayo karibu nusu yake ni mafuta mazito yaliyoshiba (saturated), aina ambayo wenye moyo huonywa, na nazi, ambayo huzidi asilimia 80. Mafuta ya maziwa yako kama asilimia 65. Ni kweli kwamba mafuta ya mimea hayana kolesteroli. Lakini mtu akikuambia kitindamlo cha mafuta ya nazi ni dawa ya moyo, usimwamini. Na kama daktari amekuonya kuhusu mafuta au sukari, kopo letu pia liko kwenye onyo hilo.

Maziwa hunisumbua tumbo. Nikila kitindamlo badala ya aiskrimu nitapona?

Huenda ukasumbuka zaidi. Kinachowasumbua wengi ni laktosi, sukari ya maziwa, nayo haimo kwenye mafuta. Imo kwenye maji ya maziwa, katika unga wa maziwa na wa wei, yale maji yanayobaki jibini likishashikana. Unga wa wei una laktosi takribani asilimia 70, na vitindamlo vingi vinautumia kwa sababu ni wa bei nafuu. Anayetaka kuepuka kabisa achukue sobeti, yaani maji ya matunda na sukari yaliyogandishwa, akihakikisha haikuchanganywa maziwa.

Aliye na mzio wa protini ya maziwa ni jambo jingine na ni hatari. Mafuta ya mimea kwenye lebo hayamaanishi hakuna maziwa. Tuambie kabla hatujachota, maana vijiko vyetu huhama kutoka ladha moja hadi nyingine.

Na zile za mashine za mjini, za kuzungushwa kwenye koni?

Hizo hutolewa kwenye nyuzi sita au saba chini ya sifuri, ndiyo maana ni laini. Nyingi zina mafuta ya asilimia 3 hadi 6, na mara nyingi mchanganyiko ni unga uliokorogwa na maji. Ukimwuliza muuzaji wa pale barabara ya Tom Mboya atakuonyesha gunia, wala hana sababu ya kuficha. Ni tamu ikitoka mashineni, hasa adhuhuri.

La kuzingatia pale ni usafi kuliko mafuta. Mchanganyiko wowote wa maziwa lazima uchemshwe vya kutosha kuua vijidudu, kwa mfano nyuzi 69 kwa dakika 30 au nyuzi 80 kwa sekunde 25, joto kubwa kuliko la maziwa ya kunywa kwa sababu sukari na mafuta huwakinga vijidudu. Halafu mashine yenyewe ifunguliwe na kuoshwa kila siku. Mdomo wa mashine ukiwa na utando mkavu, endelea na safari yako.

Kulfi, jelato, yogati iliyogandishwa ni upande gani?

Kulfi ni maziwa yaliyochemshwa hadi yakapungua na kuwa mazito, yakagandishwa kwenye kifinyango bila kupigwa hewa. Ndiyo maana ni nzito na huyeyuka taratibu. Jelato hutumia maziwa mengi na malai machache, mafuta asilimia 4 hadi 8, na hewa kidogo. Yogati iliyogandishwa ina jina lake, isome kama nyingine yoyote. Hizi zote zinaweza kuwa na mafuta kidogo kuliko aiskrimu na bado zikawa chakula cha heshima, kwa sababu hazijifichi.

Kuna gelatini au kitu cha nyama ndani?

Kwetu hamna. Kwingine tafuta kwenye lebo E471, kiungo kinachosaidia mafuta na maji kukaa pamoja, ambacho kinaweza kutoka kwa mimea au kwa wanyama. Lebo isiposema, muulize mtengenezaji, au tafuta alama ya halali au ya wasiokula nyama.

Stima ilipotea usiku mzima. Naweza kuigandisha tena?

Kama imelainika tu pembeni na katikati bado ni ngumu, irudishe na uile upesi. Itakuwa na chenga, kwa sababu maji yaliyoyeyuka huganda upya polepole na kuunda barafu kubwa. Kama imekuwa uji, imwage. Kuna vijidudu, listeria ikiwemo, vinavyoendelea kukua hata kwenye baridi ya friji, na kugandisha tena hakuviui. Friza iliyojaa ikiachwa imefungwa huhifadhi baridi kwa muda mrefu kuliko iliyo nusu, basi giza likiingia usifungue kuchungulia. Ikae nyuzi 18 chini ya sifuri, nyuma kabisa, mbali na mlango.

Nilipeleka kopo lenu Mombasa kwenye barafu kavu. Lilifika gumu lakini limepungua. Mliniibia?

Hatukukuibia, na tunashukuru ulituuliza badala ya kunung'unika pembeni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ina shinikizo dogo. Viputo tulivyofungia hapa vikishuka hadi pwani vinabanwa na hewa nzito ya kule, na aiskrimu inanywea ikaachana na kuta za kopo. Pima kwa mizani: gramu ni zile zile. Mambo hugeuka kwa bidhaa iliyotengenezwa usawa wa bahari ikapandishwa huku, ambayo huweza kuvimba hadi kusukuma kifuniko.

Naweza kutengeneza ya kweli nyumbani bila mashine?

Unaweza, na itakuwa na mafuta mengi kuliko yetu. Piga nusu lita ya malai ya kupiga, yakiwa baridi sana, hadi yasimame. Changanya taratibu na kopo moja la maziwa mazito ya sukari na maji ya embe ya ngowe au kahawa kali iliyopoa. Igandishe usiku kucha. Hewa uliyopiga kwenye malai ndiyo inayofanya kazi ya mashine. Usiongeze maji mengine yoyote, yatakuwa barafu.

Nikishuku nimeuziwa kitindamlo kwa jina la aiskrimu nifanye nini?

Weka kopo, kifuniko na risiti. Chini ya alama ya ubora ya KEBS kuna namba ya kibali: tuma herufi SM, alama ya reli (#) na namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, utajibiwa ni bidhaa gani iliyosajiliwa na ya kampuni ipi. Jina lisipolingana na lililo kwenye kopo, wasilisha malalamiko KEBS, Barabara ya Popo, South C. Kwa aiskrimu ya kupimwa kwenye koni hakuna lebo, basi muulize muuzaji moja kwa moja: mafuta yake ni ya maziwa au ya mimea? Anayejua anachouza atakujibu.

Kila mnachouza nyinyi ni aiskrimu?

Hapana. Ya ukwaju na ya pasheni ni sobeti, hazina maziwa. Ile ya tui la nazi ni kitindamlo kilichogandishwa, tumeiandika hivyo kwenye kibao, na bei yake iko chini.